Isidingo: Tulivyowasema watu wa Horizon Deep tukajisema wenyewe

Barker Haines hakuwahi kupanga chumba Magomeni, lakini uwani kwetu alijulikana kuliko mjumbe wa nyumba kumi. Watu walijua mali yake, wanawake wake, maadui wake na hila aliyokuwa akiisuka wiki hiyo. Akina mama walimsema wakichambua mchele. Wanaume walimsema kwenye bao. Sisi watoto tulimwigiza njiani tukitoka shule, tukigombea nani awe yeye, kwa sababu kila mmoja alitaka kuwa adui na hakuna aliyetaka kuwa steringi.

Barker alikuwa mhusika wa Isidingo, tamthilia ya Afrika Kusini iliyobuniwa na Gray Hofmeyr. SABC 3 iliirusha kwa mara ya kwanza tarehe 7 Julai 1998, na sehemu ya mwisho ikaonyeshwa tarehe 12 Machi 2020, karibu miaka 22 baadaye. Sisi tuliipata kupitia ITV. Mtu aliyekulia Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukimtajia Horizon Deep, ule mji wa mgodi wa dhahabu ambao haupo kwenye ramani yoyote, atakutajia watu wake mmoja mmoja: Barker, Cherel, Lee, Letti, Nandipha, Papa G, Zeb na Agnes.

Tamthilia za kigeni zimelaumiwa sana hapa nchini, kwamba zinakula muda, zinaharibu watoto na kutufundisha tamaa. Zipo zinazostahili lawama hiyo. Lakini Isidingo, kama nilivyoishi nayo katika nyumba ya wapangaji, ilifanya kazi ambayo semina na mikutano ya mtaa haikuiweza. Ilitupa watu wa kuwasema ambao hawakuwa jirani wala ndugu wa mtu. Kupitia wao tukapata njia ya kuyasema yetu. Naikumbuka kwa mapenzi kwa sababu hiyo, na naamini njia hiyo bado tunaihitaji.

Chogo moja, ua mzima

Tanzania Bara ilichelewa kupata televisheni. Zanzibar ilikuwa na kituo chake, tena cha rangi, tangu miaka ya 1970. Bara tuliendelea na redio mpaka mwaka 1994, vituo binafsi, ITV kikiwa kimojawapo, vilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Kwa hiyo Isidingo ilipotufikia, televisheni ilikuwa bado kitu cha kuhesabika mtaani. Ulipita nyumba kadhaa kabla hujaona antena.

Kwetu ilikuwa moja tu, chogo la mama mwenye nyumba, limekaa juu ya kabati la vyombo na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Jioni kitambaa kilikunjwa, swichi ikawashwa, na wapangaji wakaanza kutoka vyumbani. Antena ilifungwa kwenye mlingoti nje ya dirisha. Picha ikianza chenga, mtoto mmoja alitolewa nje kuuzungusha huku ndani wakimpigia kelele: bado, bado, hapohapo, umepitiliza!

Kukaa kulikuwa na utaratibu. Makochi yalikuwa ya wazee na wageni. Mkeka ulikuwa wa akina mama, wengine na vitoto mapajani, wengine wakisukana nywele. Watoto tulikaa sakafuni mbele kabisa, vijana wa kiume walisimama mlangoni, na dirishani hapakukosa mpita njia. Uliingia kwa shikamoo, miguu imeoshwa, vyombo vya watu vimeshasuguliwa. Kwenye vibanda umiza mtu alilipa kiingilio ili aone mpira au filamu. Isidingo sebuleni kwa mama mwenye nyumba ilikuwa bure, na malipo yake yalikuwa adabu.

Kuna jambo kuhusu ukaaji ule ambalo nimelielewa ukubwani. Wapangaji hugombana: zamu ya kufagia, kamba ya kuanikia nguo, bili ya umeme ambayo mwenye pasi anadaiwa zaidi na mwenye taa moja. Waliokuwa hawasalimiani tangu asubuhi walijikuta jioni wamekaa bega kwa bega, kwa sababu chogo lilikuwa moja. Na Cherel akishafanya lake, walijikuta wanaongea. Cherel, aliyeigizwa na Michelle Botes, alikuwa mzuri wa sura na mwenye roho ya kuua, na hasira ya pamoja dhidi yake ilimaliza ugomvi mwingi ambao wazee walikuwa hawajaupatia dawa.

Mkalimani mtoto

Isidingo ilisemwa zaidi kwa Kiingereza, kikichanganyika na Kizulu, Kisotho na Kiafrikana, huku maandishi yakipita chini ya picha. Wengi sebuleni hawakukijua Kiingereza. Kazi ya kutafsiri ikatuangukia sisi wanafunzi. Nilisoma maandishi, nikayageuza Kiswahili kwa sauti, na kabla sijamaliza sentensi, nyingine mbili zilikuwa zimeshapita. Shangazi hakusubiri. Yeye alitazama nyuso. Mara nyingi alinitangulia: huyu anadanganya, tazameni macho yake, huyu bado anampenda, anajikaza tu. Alipatia kiasi kwamba nilipozidiwa nilimwuliza yeye.

Mzee mmoja wa chumba cha nyuma alihitaji tafsiri kidogo kuliko wengine. Alikuwa mtu wa Rungwe, na ujanani, kabla ya uhuru, alikwenda kuchimba dhahabu Johannesburg. Vijana wengi wa nyanda za juu kusini walipita njia hiyo, wakichukuliwa na WENELA, shirika lililokusanya nguvukazi ya migodi ya Witwatersrand, mpaka Tanganyika huru ilipoufunga mlango. Bado alikumbuka Kifanagalo, lugha ya mchanganyiko waliyoamrishwa nayo chini ya ardhi. Wachimbaji wa Horizon Deep walipoonekana, sebule nzima ilimgeukia yeye. Alitueleza joto la kule chini, vumbi linaloganda kifuani, na kambi za wanaume watupu ambamo mtu alimaliza mkataba wake bila kumwona mke wala mtoto.

Ndiyo maana yeye aliona kitu ambacho sisi hatukukiona. Familia ya Matabane ilipokaa mezani jioni kula chakula, kwetu ilikuwa familia inakula. Kwake ilikuwa habari kubwa: Mwafrika katika mji wa mgodi ana nyumba, ana mke ndani, ana watoto wanaojibizana naye. Tulijifunza historia ya Afrika Kusini kwa maoni ya mzee aliyekuwa akiangalia watu wanakula.

Nchi ya makaburu inabadilika

Kwa wazazi wetu, Afrika Kusini ilikuwa nchi ya makaburu na wapigania uhuru. ANC ilifanya mkutano wake mkubwa Morogoro mwaka 1969. Jirani na mji huo, Mazimbu, ilijengwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya kibaguzi Aprili 1979, na vijana wa uhamishoni walisoma pale hadi mwaka 1992. Kizazi kizima cha Watanzania kilichanga, kiliandamana na kusubiri. Mwaka 1994 uchaguzi wa watu wote ukafanyika, na kabla hatujamaliza kushangilia, Afrika Kusini ikatujia kwa mlango wa biashara. Mwaka 2000 peke yake Vodacom ilianza kazi nchini, ABSA ikachukua hisa nyingi za benki ya NBC, na mgodi wa Geita ukafunguliwa, AngloGold ikiwa na mkono ndani yake.

Isidingo ilitukuta hapo katikati. Watu walioijua nchi ile kwa hotuba na nyimbo za ukombozi sasa waliiona hadi jikoni. Wazungu na Waafrika waligombania vyeo, walipendana, walidanganyana, walizikana. Barker hakuwa mbaya kwa sababu ya rangi yake. Ubaya wake ulikuwa uchu wa mali, na uchu huo ulionekana kwa watu wa kila rangi mle ndani. Baba yangu aliyatazama hayo yote kama mtu aliyetoa mchango wa harusi na sasa anataka kuona ndoa inakwendaje.

Tamthilia ikiisha, mazungumzo hayakubaki Horizon Deep. Tulianza na mabosi wa mgodi wa kwenye luninga, dakika chache baadaye tukawa Geita na Kahama. Dhahabu inayotoka ni ya nani? Kijana wa jirani aliyekwenda kutafuta kazi huko atarudi na nini? Kiwanda kilichouzwa, je, wafanyakazi wake wamelipwa? Ilikuwa miaka ya ubinafsishaji, na watu waliokuwa na hofu ya kesho walipata mahali pa kuanzia maneno.

Nandipha

Lakini jambo zito kuliko yote lilikuja na Nandipha, msichana aliyeigizwa na Hlubi Mboya, aliyegundulika kuwa na virusi vya UKIMWI.

Tukumbuke hali ilivyokuwa. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na huko ugonjwa ukaitwa Juliana, jina la kitambaa. Dar es Salaam mitaani ulikuwa na majina mengi, ngoma, umeme, miwaya, yote yakisaidia watu wasilitamke lile lenyewe. Rais Benjamin Mkapa aliutangaza kuwa janga la taifa mwishoni mwa mwaka 1999, na Tume ya Kudhibiti UKIMWI ikaundwa mwaka 2001. Dawa za bure za kupunguza makali zilianza kutolewa mwaka 2004. Kule Afrika Kusini, Rais Thabo Mbeki alikuwa akihoji hata chanzo cha ugonjwa, na ilibidi Mahakama ya Katiba, Julai 2002, iiamuru serikali itoe dawa ya kuwakinga watoto wasiambukizwe na mama zao. Katika nchi hiyo, wakati huo, waandishi wa Isidingo wakampa virusi msichana ambaye watazamaji walikuwa wakimpenda.

Jioni ile mimi ndiye niliyekuwa natafsiri. Maandishi yalipopita, nikayasema kama yalivyokuwa: ana virusi vya UKIMWI. Mtoto hakutakiwa kulitamka neno hilo mbele ya wakubwa, na nilitegemea kukaripiwa. Hakuna aliyenikaripia. Shangazi aliuliza tu, nani kamwambukiza, na baada ya hapo kila mtu akawa na la kusema.

Maneno hayo hayakuisha wiki ile wala iliyofuata. Nandipha awaambie watu au akae kimya? Anaweza kupendwa, kuolewa, kuzaa? Mama mmoja alisema yeye asingekula naye sahani moja. Mama mwingine, muuguzi wa zahanati aliyepanga chumba cha mbele, akamjibu palepale, akaeleza virusi vinaambukizwa vipi na haviambukizwi vipi. Nina hakika alikuwa ameyasema hayo kazini mara nyingi, kwa watu waliokaa kwenye benchi wakitazama chini. Safari hii watu walimbishia, wakamwuliza, wakamrudisha nyuma aeleze tena, kwa sababu waliokuwa wakijadiliwa hawakuwa wao. Kumsema Nandipha hakukuwa kumsema mtu.

Wala hatukuwa tunamsema Nandipha peke yake, na kila mtu mzima sebuleni alilijua hilo. Chumba cha mwisho uwani alikuwemo kijana, fundi seremala, aliyekuwa akikonda. Familia yake ilisema ni kifua. Wengine walisema karogwa na mwenzake wa kazi. Chakula chake kilipelekwa mlangoni na kuachwa hapo, na nguo zake zilianikwa peke yake. Ndani ya wiki zile za mabishano, mambo madogo yalianza kubadilika. Yule mama aliyekataa sahani moja ndiye niliyemwona akimpelekea uji, akaingia ndani, akakaa. Jioni yule kijana akawa analetewa kiti barazani. Baadaye akawa anakuja sebuleni, na siku ya kwanza alipoingia, mzee wa Rungwe alisogea kwenye kochi akampisha. Aliiangalia Isidingo pamoja nasi, akiwa na Nandipha kwenye kioo na watu wote kimya kuhusu yeye, lakini kwa namna nyingine ya ukimya, ile ya heshima.

Alifariki kabla dawa za bure hazijafika. Alifariki akiwa anasalimiwa, akiwa na watu waliokaa naye. Kwa miaka ile hilo halikuwa jambo dogo, na wengi walilikosa.

Nandipha mwenyewe aliendelea kuishi. Mwaka baada ya mwaka alionekana akifanya kazi, akipenda, akikosea, akicheka. Mabango ya barabarani yalikuwa yametuonyesha mafuvu na majeneza. Yeye alituonyesha mtu mwenye kesho, na tulipoanza kusikia kuhusu dawa tayari tulikuwa na sura ya mtu anayeishi na virusi.

Redio ilikuwa imetangulia

Nisingependa mtu adhani jambo hili tuliletewa na wageni. Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati mwaka 1993, na waliousikiliza hawajamsahau Mkwaju, dereva wa lori aliyekuwa na wanawake njia nzima, wala mkewe Tunu. Mchezo ule ulitungwa kwa makusudi ya kufundisha uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI, na ulifanyiwa utafiti wa aina yake. Kwa miaka miwili ya mwanzo, mtambo wa Dodoma haukuurusha, ili watafiti walinganishe waliousikia na wasiousikia. Waligundua kwamba ulikosikika, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka, na kwamba njia kubwa ya mabadiliko hayo ilikuwa mazungumzo: mume na mke, jirani na jirani, waliojadili Mkwaju kafanya nini na wao wangefanyaje.

Nilipousoma utafiti huo ukubwani, niliitambua sebule yetu. Hadithi peke yake haikumbadilisha mtu. Iliwapa watu sababu ya kuongea, na maongezi yakafanya yaliyobaki. Ila hadithi lazima iwe ndefu. Filamu ya saa mbili inaisha, mnakwenda kulala. Mhusika anayerudi kila jioni, mwaka hadi mwaka, anapata muda wa kutukosesha raha, wa kutufanya tumtetee, na wa kutufanya tubadili mawazo bila kuona aibu.

Kila mtu na kioo chake

Waliotuingia nyumbani wengine hawapo tena. Ashley Callie, aliyekuwa Lee Haines, alifariki Februari 2008 baada ya ajali ya gari. Lesego Motsepe, aliyekuwa Letti Matabane, alijitangaza mwaka 2011 kuwa anaishi na virusi vya UKIMWI, akafariki Januari 2014. Watu wa mtaani kwetu waliosikia habari zake walimzungumzia kwa jina la Letti, kwa huzuni ya ndugu. Michelle Botes, Cherel wetu, aliaga dunia Desemba 2024, na simu za watu wa rika langu zilijaa picha zake.

Namna ya kutazama nayo imebadilika. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 2012, kila nyumba ikatakiwa kuwa na king'amuzi, kisha simu zikaingia mfukoni mwa kila mtu. Mengi ya mabadiliko hayo ni mazuri. Tamthilia za Kituruki na Kihindi sasa zinazungumza Kiswahili, na bibi hahitaji mjukuu wa kumtafsiria. Tuna tamthilia zetu wenyewe, kuanzia Siri ya Mtungi hadi Huba na Jua Kali, zenye vichochoro tunavyovijua na wakwe tunaowafahamu. Nafurahi kuona mtoto wa leo akimtaja mhusika wa Kitanzania kama sisi tulivyomtaja Barker.

Kilichopungua ni kukaa. Katika nyumba moja, mama anaangalia yake sebuleni, binti anaangalia yake kitandani na vifaa vya masikioni, baba anatazama vipande vya mpira barazani. Wote wameona hadithi jioni hiyo, na hakuna anayeweza kumwuliza mwenzake kilichotokea. Wakati huohuo mambo mazito hayajapungua. Leo ni madeni ya mikopo ya simu ambayo mume hamwambii mke. Ni kijana aliyehitimu na amekaa nyumbani miaka bila kazi. Ni ugonjwa wa akili, ambao mitaani bado unasemwa kwa majina ya kando kama UKIMWI ulivyosemwa wakati wetu.

Kwa waandishi wetu wa tamthilia nina ombi. Tupeni wahusika wanaobeba mambo hayo, na msiwaue upesi ili kutupa fundisho. Waacheni waishi, wakosee, watukere, kama Nandipha alivyoishi. Kwa wenye vituo, zipeni hadithi hizo miaka, si miezi. Na kwa familia, tengeni japo jioni moja ya kuangalia kitu kimoja kwa pamoja, bibi, wazazi, watoto na dada wa kazi, kila mmoja akiwa na ruhusa ya kubisha. Kama nyumbani kuna jambo ambalo hakuna anayethubutu kulianza, tafuteni tamthilia yenye mtu anayelibeba, kaeni wote, kisha msemeni yule mtu kwa sauti.